Aitwaye na Akimbiaye

Liko swali moja ambalo huletwa mbele yetu sisi walimu karibu kila mwaka, wasichana wamalizapo kidato cha nne na kurudi nyumbani, mvua za kwanza zikianza kulainisha ardhi yetu ya Singida. Binti mmoja huja, hutazama chini, kisha husema kwamba ataka kuwa mtawa. Wazazi wake huulizana, majirani huulizana, na mara nyingi yeye mwenyewe hujiuliza kimya kimya usiku: Je, huyu ameitwa na Mungu, au yuko kitu anachokikimbia?

Swali hili si dogo. Likijibiwa vibaya kwa upande mmoja, binti mwenye wito wa kweli huozwa kwa machozi, na nyumba nzima huonja uchungu wake. Likijibiwa vibaya kwa upande wa pili, binti asiye na wito huingia utawani, huvaa shela, na baada ya miaka kumi moyo wake huwa kama mto wa mchanga wakati wa kiangazi: njia ya maji ipo, lakini maji hayapo. Kwa hiyo yatupasa kulitazama jambo hili kwa makini, tusiwe wepesi wa kushangilia wala wepesi wa kukataza.

Kwanza tuzitazame sababu ziwaletazo wasichana kwenye mlango wa masista, maana zajulikana na kila mtu, ingawa hazisemwi kwa sauti. Nyumba ya masista ina paa zuri, ina maji karibu, ina taa na vitabu. Binti aliyebeba ndoo kichwani kwa mwendo mrefu tangu utoto wake, aliyepalilia uwele na mtama chini ya jua kali, akiyaona maisha yale hana budi kuvutwa nayo. Mwingine amesikia kwamba baba yake amekwisha kuzungumza na mtu mwenye ng'ombe wengi. Mwingine amemwona dada yake akipigwa na mumewe, naye ameapa moyoni kwamba hayo hayatampata yeye. Mwingine ana kiu ya kusoma uuguzi au ualimu, na kwao hakuna ada. Tena yuko ambaye mama yake alimtoa kwa Mungu tangu utotoni, alipougua sana akapona. Na yuko apendaye tu kanzu nyeupe na nyimbo za masista wakiimba pamoja.

Wako wasemao kwamba hizo zote si sababu za Mungu, basi binti na arudishwe kwao. Sisi hatusemi hivyo. Mungu huanza na mtu pale alipo. Tukumbuke habari za kijana Samweli aliyelala hekaluni. Aliitwa usiku, akadhani ni mzee Eli amwitaye, akamkimbilia. Na hivyo mara tatu. Je, Samweli hakuwa ameitwa? Aliitwa kweli, walakini hakuijua bado sauti ya nani. Tena tumwangalie yule mzee. Hakusema, “Ndiyo, mimi ndiye niliyekuita,” amfanye kijana kuwa mtumishi wake mwenyewe. Wala hakumkemea kwa kumsumbua usingizini. Alimrudisha kulala, akamfundisha jinsi ya kusikiliza. Hiyo ndiyo kazi ya mzazi, ya paroko, ya sista mlezi na ya mwalimu: si kuitika mahali pa binti, wala kumziba masikio, bali kumrudisha mahali penye utulivu ili asikie mwenyewe.

Basi sababu ya kwanza siyo kipimo. Kipimo ni kile kibakicho baada ya sababu ile kuondoka.

Tufikirie binti mmoja wa Ikungi au wa Ilongero. Hatumtaji jina, maana ni wengi. Baba yake amepokea posa ya mtu ambaye binti hampendi. Binti amwendea paroko, asema kwamba ameitwa utawani. Tumfanyieje? Wengi hufurahi mara moja, wakaandika barua kwa mama mkuu wa shirika, nao wadhani wamefanya kazi ya Mungu. Sisi twasema, kwanza na aondolewe hofu yake. Na aende mzee mwenye heshima, au katekista pamoja na mjomba wa binti, wakazungumze na baba mpaka posa ile irudishwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 katika nchi yetu yataka hiari ya wote wawili, na Kanisa nalo lafundisha kwamba pasipo hiari hakuna ndoa. Hofu ikiisha kuondoka, binti na akae kwao, afanye kazi, asali, asome ikiwezekana. Kisha baada ya mwaka na aulizwe tena.

Kama hamu ya utawa imekwisha pamoja na hofu, basi alikuwa akikimbia. Kukimbia kwake kulikuwa kwa haki, walakini hakukuwa wito. Kama hamu imebaki, tena imekuwa na nguvu kuliko mwanzo ingawa hapana tena anayemfukuza, ndipo tuanze kusikiliza kwa heshima.

Hapa liko jambo moja kubwa la kuliangalia. Binti aliyeonewa ana haki ya kusaidiwa kwa sababu ameonewa, wala si kwa sababu ataka kuwa sista. Ikiwa katika kijiji chetu msichana hawezi kuokolewa na ndoa ya kulazimishwa ila akisema ameitwa na Mungu, basi sisi tumemfundisha kusema uongo mtakatifu, naye atauishi uongo ule maisha yake yote. Dhambi ya jambo hilo itakuwa juu ya nani? Si juu yake peke yake.

Twaweza kulieleza jambo hili kwa njia nyingine. Utawa ni sadaka, na sadaka hutolewa katika kitu chema. Nabii Malaki aliwakemea watu waliomletea Mungu wanyama vipofu na vilema, ambao wasingethubutu kumpelekea liwali wao. Vivyo hivyo, binti asemaye, “Nachukia wanaume, nachukia kelele za watoto, nachukia kazi ya jiko,” bado hana cha kutoa, maana mtu hatoi sadaka kitu alichokwisha kukitupa jalalani. Lakini binti ambaye angeweza kuwa mke mwema na mama mwema, apendaye watoto wa dada yake, auonaye uzuri wa nyumba yenye amani, na hata hivyo moyo wake wamwambia kwamba ako mwingine amtakaye wote, huyo ana kitu mkononi. Wazee husema: hiari yashinda utumwa. Sisi twaongeza kwamba hata mbele ya Mungu ni hivyo.

Mtu aliyeionyesha kweli hii kwa maisha yake ni Mtakatifu Josephine Bakhita. Alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika nchi ya Darfur, Sudani. Alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa angali mtoto, akauzwa mara nyingi, akapigwa na kutiwa chale mwilini. Mwisho alipelekwa Italia kuwa yaya wa mtoto, akawekwa kwa muda na mtoto yule katika nyumba ya Masista Wakanosa mjini Venice. Bibi yake aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kwenda. Shauri likafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye si mtumwa, ni mtu huru, aweza kwenda atakako. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu utoto wake akachagua mwenyewe: akabaki kwa masista. Alibatizwa Januari 1890. Lakini hakuvikwa shela kesho yake. Aliingia unovisi mwaka 1893, akaweka nadhiri mwaka 1896, akafa mwaka 1947, naye Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2000.

Wasomaji, angalieni utaratibu wa mambo hayo. Uhuru ulitangulia, ndipo nadhiri zikafuata. Kama hakimu angalisema, “Mwanamke huyu ni mali ya bwana wake,” naye akakimbilia utawani ili kujificha, nani angalijua kama alimpenda Mungu au aliogopa mjeledi? Lakini kwa kuwa milango yote ilikuwa wazi, tena kwa kuwa ilipita miaka minne kabla ya kuingia unovisi, kila mtu aliona kwamba alikaa kwa mapenzi.

Labda binti atauliza, “Hofu imeondoka, lakini mawazo yangu bado ni mengi, leo nataka hiki, kesho nataka kile. Nitajuaje?” Mtakatifu Ignatius wa Loyola aweza kumsaidia. Alikuwa askari, akavunjwa mguu vitani Pamplona mwaka 1521, akalala kitandani miezi mingi. Alipowaza juu ya sifa za vita na juu ya mwanamke mmoja mkubwa, alifurahi sana wakati wa kuwaza, lakini mawazo yale yakiisha aliona moyo wake umekauka. Alipowaza kufuata njia ya watakatifu, alifurahi pia, na furaha ile ilibaki naye hata baada ya mawazo kupita. Hapo akajifunza kupima mawazo kwa kile yanachokiacha nyuma, wala si kwa utamu wake wakati yanapokuja. Binti naye na afanye hivyo. Akiwaza utawa siku ya sikukuu, kanisa likiwa limepambwa na ngoma zikilia, furaha yake haijapimwa bado. Na auwaze tena siku ya kazi, mgongo ukiuma, hakuna wa kumsifu. Kama wazo lile laacha amani hata siku hiyo, na alitunze. Tena Ignatius alifundisha kwamba mtu asibadili azimio lake wakati wa giza na huzuni. Aliyeazimia kwenda asiache kwa sababu ya usiku mmoja wa machozi; na aliyeazimia kubaki asiondoke kwa sababu ya ugomvi mmoja na mama yake.

Wako watu wadhanio kwamba Kanisa huwavuta wasichana kama mvuvi avutavyo wavu. Yafaa wajue sheria za Kanisa zasemaje. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliamuru kwamba kabla ya msichana kuweka nadhiri, Askofu au mjumbe wake amwulize kwa makini kama amelazimishwa au amedanganywa, na kama ajua analolifanya. Kisha Mtaguso ukatamka laana juu ya mtu awaye yote amlazimishaye mwanamke kuingia utawani. Tena ukatamka laana juu ya mtu amzuiaye pasipo sababu ya haki. Basi baba amsukumaye na baba amzuiaye bila haki wamewekwa pamoja katika hukumu ileile. Wote wawili wamejitwalia mahali pa Mungu.

Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaendelea katika njia hiyohiyo. Hawezi kupokelewa katika unovisi aliye chini ya miaka 17, wala aingiaye kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa udanganyifu. Unovisi sharti uwe wa miezi 12 kamili. Wakati huo novisi aweza kuondoka kwa hiari yake, na shirika nalo laweza kumrudisha. Nadhiri za kwanza ni za muda, nazo haziwi pungufu ya miaka mitatu. Nadhiri za daima haziwezi kuwekwa na mtu asiyetimiza miaka 21. Basi hesabuni: mwaka mmoja na miaka mitatu ni minne, bila kuhesabu wakati wa matazamio kabla ya unovisi, ambao kila shirika huupanga. Kanisa lamwambia binti kwa muda wa miaka minne au zaidi, “Fikiri tena.” Je, sisi tumwozapo binti twampa hata miezi minne?

Sasa tuje kwa wazazi, maana neno lao ni zito na halifai kudharauliwa. Kwa Wanyaturu na Wanyiramba, kama kwa watu wengi wa bara, ng'ombe wa mahari ya binti ndio wamwozeao kaka yake. Baba aonapo binti akienda utawani, haoni mtoto mmoja tu akiondoka. Aona zizi limebaki tupu na mtoto wa kiume ameketi bila mke. Tena wazee huuliza, “Nani atatutunza?” Mtu asiyeisikia huzuni hiyo hajui maisha ya vijijini.

Nasi twajibu kwa kutenganisha mambo mawili: haja na faida. Mtakatifu Thomas wa Akwino aliulizwa kama yampasa mtoto kuacha kuingia utawani kwa ajili ya wazazi wake. Thomas aliijua habari hii kwa mwili wake, maana mwaka 1244 ndugu zake walimkamata njiani, wakamzuia nyumbani kwao karibu mwaka mzima ili aache shirika alilolichagua. Hata hivyo hakuandika kwa hasira. Alifundisha kwamba wazazi wakiwa katika shida kubwa, wala hakuna mwingine awezaye kuwasaidia ila mtoto huyu, haimpasi kuwaacha na kuingia utawani. Lakini kama shida haiko hivyo, aweza kwenda. Na Bwana wetu mwenyewe aliwakemea wale waliotaja sadaka ya hekalu ili wapate kuwanyima baba na mama zao chakula. Basi binti ambaye mama yake ni kipofu, hana ndugu wala jamaa wa kumpikia, na amtunze mama yake kwanza. Kitanda cha mama huyo ndicho altare yake kwa sasa.

Lakini zizi tupu si sawasawa na mama kipofu. Mahari ni desturi ya heshima. Yaunganisha jamaa mbili na kushuhudia kwamba mke hakuokotwa njiani. Hatuitukani. Walakini binti hakuzaliwa ili awe bei ya mke wa kaka yake. Kaka ana mikono, aweza kulima alizeti na vitunguu, aweza kufuga na kufanya kazi. Faida iliyokosekana si deni. Baba asemaye, “Nimekosa ng'ombe,” kwa kweli hakuibiwa kitu, maana ng'ombe wale hawakuwa wake bado.

Mtu mwingine atatupinga kwa mfano wa Mwenye Heri Anuarite wa Kongo, akisema, “Huyo alitoroka kwao bila kuaga, na leo Kanisa lamheshimu. Je, mwawafundisha watoto kutoroka?” Ni kweli, yasimuliwa kwamba Anuarite, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939, alipanda lori lililowachukua wasichana kwenda kwa masista wa Bafwabaka bila kumwambia mama yake, na mama alipata habari baada ya siku kadhaa. Lakini habari yenyewe haikuishia katika lori. Ilipita miaka ya malezi, na alipoweka nadhiri katika shirika la Jamaa Takatifu tarehe 5 Agosti 1959, wazazi wake walikuwapo, wakatoa mbuzi wawili kuonyesha furaha yao. Kanisa halikumheshimu kwa sababu ya kutoroka. Lamheshimu kwa sababu ya mambo ya Isiro, tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa maasi, ofisa mmoja wa waasi alipotaka kumchukua kwa nguvu, naye akakataa, akauawa akimsamehe. Alikuwa hajatimiza miaka 25. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Mtu aliyewekewa nadhiri na baba yake, au na mama yake, au na hofu yake, angaliweza kuzishika usiku ule? Alizishika kwa sababu zilikuwa zake. Nao wale mbuzi wawili watufundisha wazazi kitu: mahari haikuja, lakini heshima ya nyumba ilionekana, maana wazazi ndio waliotoa.

Hata hapa tumesema juu ya mlango wa kuingilia. Sasa twataka kusema juu ya mlango wa kutokea, maana kwa maoni yetu hapo ndipo vijiji vyetu vikoseapo zaidi.

Binti akienda kwa masista, twampigia vigelegele. Akirudi baada ya mwaka mmoja au mitatu, ulimi wa kijiji huwaka. Kisimani husemwa amefukuzwa. Kilabuni husemwa alipata mimba. Shangazi zake wajificha kwa aibu, na mama yake hapiti tena mbele ya kanisa baada ya Misa. Kijana atakaye kumposa aambiwa, “Huyo ni mali ya Mungu iliyorudishwa, atakuletea balaa.” Wasichana wengine waliobaki katika malezi huyasikia hayo yote. Basi tuseme yuko mmoja miongoni mwao ambaye ameanza kuona wazi kwamba hapo si mahali pake. Atathubutu kulisema? Atanyamaza, ataweka nadhiri kwa kuogopa kisima cha kwao, na ulimi wetu ndio utakaokuwa umemfunga, wala si Roho Mtakatifu. Mlango wa kutokea ukizibwa kwa aibu, mlango wa kuingilia umegeuka kuwa mtego. Kanisa limetunga sheria ili binti awe huru kuondoka, nasi twaifuta sheria hiyo kwa kicheko.

Tuwape mfano ulio karibu na nyumba zetu. Katika wilaya ya Ikungi iko Hospitali ya Makiungu, ambayo ilianzishwa na Masista Wamisionari wa Tiba wa Maria mwaka 1954. Watu wa Singida waliozaliwa pale, au waliookolewa pale wakati wa kuzaa, hawahesabiki kwa vidole. Lakini ni wangapi wajuao habari za mwanamke aliyelianzisha shirika lile? Jina lake ni Mary Martin, mtu wa Ireland, aliyezaliwa mwaka 1892. Alikuwa muuguzi katika Vita Kuu ya kwanza, kisha mwaka 1921 akaenda Nigeria kumsaidia Askofu Joseph Shanahan akiwa mlei. Askofu alipoanzisha shirika la masista mwaka 1924, Mary alirudi Ireland akajiunga nalo. Baada ya miaka kama miwili aliona kwamba njia ile siyo aliyoitiwa yeye, maana moyo wake ulitaka kuwatibu akina mama na watoto. Akatoka, akarudi nyumbani kwa mama yake. Baadaye akaomba kuingia monasteri ya Wakarmeli, nao hawakumkubali. Tena akaugua kwa muda mrefu.

Kama angalikuwa binti wa kijiji chetu, tungalimwitaje? Ametoka huku, amekataliwa kule, ni mgonjwa, miaka yapita, hana mume wala shirika. Tena jambo alilolitaka lilikuwa halijaruhusiwa, kwa maana wakati ule watawa wa kike walikatazwa kufanya kazi ya kuzalisha. Ruhusa ilitoka Roma mwaka 1936. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Aprili 1937, Mary Martin akaweka nadhiri zake huko Port Harcourt, Nigeria, akiwa mgonjwa hospitalini, mwenye umri wa miaka 44. Na hivyo shirika lake likaanza. Miaka 17 baadaye masista wake walikuwa Makiungu. Laiti angalibaki katika shirika la kwanza kwa kuogopa maneno ya watu, nani angaliijenga hospitali ile? Kutoka kwake hakukuwa kuanguka. Kulikuwa sehemu ya kusikiliza.

Hatusemi kwamba kila atokaye ataanzisha shirika. Wengi wataolewa, watalea watoto, wataongoza jumuiya ndogo ndogo, watafundisha katekisimu. Wala hao hawajapungukiwa. Imeandikwa habari ya yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyetolewa pepo: alimsihi Bwana amfuate, na Bwana hakumruhusu, akamrudisha kwa jamaa zake akawasimulie aliyotendewa. Alitaka kwenda kwa moyo safi, akaambiwa abaki kwao, nako kubaki kukawa ndiko kutumwa.

Labda mtu atasema, “Mkiulegeza mlango hivyo, wasichana watacheza na mambo matakatifu, wataingia na kutoka kama watu sokoni.” Twajibu: nadhiri za daima ni kifungo cha kweli, na aliyeziweka hana ruhusa ya kuzitupa kama nguo iliyochakaa. Kwa sababu hiyohiyo yafaa miaka iliyo mbele yake iwe huru kabisa. Kamba ya daraja hupimwa kabla ya kuvuka. Katikati ya mto si mahali pa kupimia.

Basi tutoe mashauri machache. Binti, usiseme umeitwa ili upate shule, au ili uepuke mume. Sema shida yako kama ilivyo, na udai usaidiwe. Kisha ngoja, sali, fanya kazi za kwenu vizuri, na uangalie kama hamu yabaki siku za kawaida. Mwambie mtu mmoja mwenye hekima asiye na faida katika jibu lako. Baba, usihesabu ng'ombe kabla ya kumsikiliza mwanao. Na ikiwa kweli huna mtu mwingine wa kukutunza, sema hivyo waziwazi, nao watakusikia. Mama, kama ulimwahidia Mungu mtoto ulipokuwa katika hofu, mpelekee Mungu ahadi ile katika sala, lakini usimvike binti yako, maana hakuitoa yeye. Na ninyi walezi, msifurahie hesabu ya walioingia. Furahini kila mmoja alipojua ukweli wake, hata kama ukweli huo umempeleka kwao.

Nasi sote wa vijijini, kazi yetu ni nyepesi kuitaja na ngumu kuitenda. Binti atakaporudi kutoka kwa masista na sanduku lake, tumwendee kwao jioni hiyo, tumpe pole ya safari, tule naye, wala tusimwulize sababu. Jumapili tumpe kiti chake katika kwaya. Siku hiyo, wale waliobaki katika malezi watapata habari, na kila mmoja wao ataweza kumjibu Mungu ndiyo au hapana bila kutetemeka.